Geti, Nyasi na Mbeba Mfuko

ATIENO: Karibu tena, msikilizaji. Leo ni gofu, hasa zile klabu ambazo hata pesa hazikufungulii geti. Musa, jambo hili linakugusa.

MUSA: Sana, dadangu. Marehemu baba alikuwa kedi. Alibeba mifuko ya fimbo za wachezaji miaka mingi katika klabu moja hapa Nairobi.

ATIENO: Tutafika kwa mzee. Kwanza twende Augusta National, jimbo la Georgia, Marekani. Ilifunguliwa rasmi 1933. Kule hakuna fomu ya kujaza wala ofisi ya kupeleka maombi. Unaalikwa, au hualikwi. Wanachama ni kama 300 hivi, na ada yao haitangazwi.

MUSA: Hata uje na pesa za kujaza lori?

ATIENO: Utabaki barabarani. Sasa sikia habari za nyasi. Pale penye shimo, chini ya udongo wamezika mabomba, na kuna mashine inayofyonza maji ya mvua kwa chini ili mpira uzidi kuteleza wanavyotaka. Mvua inanyesha juu, wao wanaikausha kwa chini!

MUSA: Na hapa kwetu ikinyesha usiku mmoja, watu wa mtaa wa mabanda wa Mukuru wanaamkia kuanika magodoro.

ATIENO: Halafu maegesho. Walinunua nyumba za majirani, moja baada ya nyingine, wakazibomoa wapate pa kuegesha magari wakati wa mashindano ya Masters. Wazee fulani, mume na mke, walikataa kuuza. Nyumba yao ikabaki, majirani wamekwisha.

MUSA: Mimi kinachoniuma ni makedi. Hadi 1982, mchezaji wa Masters alilazimika kutumia kedi wa klabu, na makedi wale walikuwa Wamarekani weusi. Mwanachama mweusi wa kwanza aliingia 1990. Wanawake walingoja mpaka 2012, Condoleezza Rice, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akiwa mmoja wa wawili wa kwanza. Hebu fikiria, Atieno. Watu walioujua uwanja ule kama kiganja cha mkono, kila mteremko, kila kichuguu, na ndani hawakuwa na kiti.

ATIENO: Na mtindo huo uliletwa hapa na mkoloni. Klabu ya gofu ya Royal Nairobi ilianzishwa 1906, na hilo jina la Royal lilitoka kwa Mfalme George wa Tano, mwaka 1935. Uwanja wa mashimo 18 kwa kawaida unakula zaidi ya ekari 100. Tazama picha zilizopigwa kutoka angani: huku nyasi, huku mabati ya Kibera yamebanana, na mtu ananunua maji kwa mtungi wa lita 20.

MUSA: Lakini tuseme kweli yote. Karo yangu ilitoka kwenye gofu. Na bila viwanja hivi, miti ile ingekuwa maghorofa zamani.

ATIENO: Kuhusu miti nakubali, tena nashukuru. Mtu akilipia nyasi nzuri, sina neno. Akilipa mamilioni ili mwenzake asiingie, hapo roho yangu inakataa. Kinachouzwa pale ni geti.

MUSA: Baba alikuwa akichuchumaa, anapapasa nyasi kwa kiganja, kisha anamwambia tajiri wake, "Piga kushoto, vidole viwili." Na mpira unaingia. Siku moja nilimpelekea chakula, mvua kubwa. Nikamkuta chini ya mti, nje ya jumba lao. Mfuko wa fimbo umevalishwa koti lake la mvua, umekauka kabisa. Yeye ameloa hadi soksi. Mwenye mfuko yuko ndani.

ATIENO: Hukumwambia aingie hata barazani?

MUSA: Nilimwambia. Akasema, "Baraza ni ya wanachama." Akafungua mkebe, akala githeri amesimama, mkono mmoja umeushika mfuko usianguke.

ATIENO: Ulikuwa na miaka mingapi?

MUSA: Nilikuwa darasa la tano.