Jivu Linalogeuka Udongo
(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini mbele ya wanafunzi, walimu na mafundi)

Shikamooni wazee wangu, hamjambo vijana.

Mezani hapa nina bilauri mbili za maji. Ya kulia nimetia kibonge cha kaolini, udongo mweupe kama ule wa Pugu. Ya kushoto nimenyunyizia kijiko kimoja cha bentonaiti, ile inayoingia kwenye tope la kuchorongea visima vya gesi. Tuziache zikae, tutazirudia.

Wengi tulikua tukiamini kwamba udongo ni mwamba uliosagika. Kwa mchanga, sawa. Lakini udongo wa mfinyanzi haupatikani kwa kusaga. Twanga jiwe la volkano kwenye kinu mwaka mzima, utapata unga wa jiwe lile lile. Udongo wa mfinyanzi ni madini mapya: maji yameubomoa mwamba, yakachukua kilichobomoka na kujengea kitu kingine.

Mwamba wa volkano hubomoka upesi kuliko mingi. Volkano inaporusha jivu, matone ya mwamba ulioyeyuka hupoa ghafla, kabla atomi hazijapata nafasi ya kujipanga. Kinachoanguka ni kioo, vipande vidogo vyenye ncha kali, na kioo hakina fuwele, yaani atomi zilizojipanga kwa safu, ya kukikinga na maji. Mvua nayo inaposhuka hubeba kaboni dayoksaidi ya hewani na kuwa asidi hafifu. Ikifika ardhini, pumzi ya mizizi inaiongezea makali. Sodiamu, potasiamu na kalsiamu ndizo huchukuliwa kwanza. Silika, ile inayounda mchanga mweupe, hufuata polepole. Alumini na chuma ni wazito wa kuhama, hubaki nyuma.

Hapa ndipo jambo lenyewe linaponivutia kuliko kote: jivu lile lile moja linaweza kuzaa udongo tofauti kabisa, na kinachoamua ni maji yalipita kwa kasi gani.

Nendeni Rungwe, kwenye mlima wa volkano kule Mbeya. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na jivu la miteremko ile hupitisha maji kama chujio. Silika nyingi inaondoka nayo. Kinachojengeka mwanzo ni alofani, madini ambayo hata fuwele yake haijakamilika, na haloisaiti, ambayo mara nyingi hujikunja kama mirija midogo. Ukishika udongo ule ni mwepesi mkononi, na umebeba maji kama sifongo. Ndio unaolea migomba na chai ya kule. Ukiendelea kuoshwa kwa maelfu mengi ya miaka, mwisho wake huwa kaolinaiti, madini yanayounda kaolini ile ya bilauri ya kulia.

Sasa chukueni jivu lilioanguka ziwani au baharini, mahali maji yametuama na hakuna kinachochukuliwa mbali. Silika ipo, magnesiamu ipo. Hapo hujengeka smektaiti, madini ya udongo unaovimba ukilowa. Tabaka zima la jivu likigeuka hivyo ndilo tunaloliita bentonaiti. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1898 na asili yake ni Fort Benton, Marekani. Jivu la kule Wyoming lilitua katika bahari iliyofunika eneo lile miaka kama milioni 100 iliyopita. Dinosaria wetu wa Tendaguru, hapo jirani Lindi, walikuwa wameshazikwa miaka milioni 50 kabla yake.

Njia ya tatu ni maji ya moto ya chini ya ardhi. Joto likipita takribani nyuzi 150 za Selsiasi, smektaiti huanza kugeuka ilaiti, madini mengine ya udongo yasiyovimba, kidogo kidogo. Likifika kama 220, karibu yote imegeuka. Ndiyo maana wachorongaji wa visima vya mvuke, kama vile vya Olkaria kule Kenya, huchunguza udongo unaotoka kisimani kama mtu anayesoma kipimajoto.

Kwa nini smektaiti ina tabia zake? Fikirini chapati zilizopangwa sahanini, kila moja unene wake kama nanomita moja. Katikati ya chapati na chapati hakuna gundi ya maana, kwa hiyo maji hupenya na kuzisukuma mbali. Chapati za kaolinaiti zimeshikana, maji hayaingii. Ukizitandaza chapati zote zilizo ndani ya gramu 10 za smektaiti safi, juu na chini, utafunika karibu uwanja mzima wa mpira.

Vijana mliofanya kazi kwenye mitambo ya kuchoronga mnalijua tope la bentonaiti. Likikorogwa linatiririka; mtambo ukisimama, linaganda kama uji uliopoa na kuvishikilia vipande vya mwamba visizame kisimani. Likianza kuzunguka tena, linalegea.

Lakini tabia hiyo hiyo ni adui wa mjenzi. Smektaiti haitokani na volkano peke yake. Imo tele kwenye udongo mweusi wa mbuga. Mama yangu mdogo alijenga juu ya udongo huo, Lindi vijijini, kwa msingi wa futi mbili. Mvua zilipokuja sakafu ikainuka. Kiangazi ardhi ikanywea, na ufa ukapanda kutoka kona ya dirisha hadi kwenye lenta. Niliingiza kiganja ndani yake. Hakuna aliyekuwa amemwambia apime udongo kwanza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Haya, bilauri zetu. Kaolini imemomonyoka, imelala chini kama unga. Bentonaiti imevimba, imekuwa utelezi mzito. Njooni mguse.

Fundi mmoja aliuliza kama anaweza kuzibia bwawa lake la samaki, linalovuja, kwa bentonaiti. Nikamjibu: unaweza. Ichanganye na udongo mkavu, tandaza, shindilia, kisha lowanisha. Ila bwawa lako liko karibu na pwani, na chumvi huzibana zile chapati zisifunguke. Jaribu kwanza kwenye ndoo: bentonaiti kijiko kimoja, maji ya kisima chako, uache usiku kucha. Isipovimba, tumia maji ya mvua.