Kitabu ambacho mtoto anakiulizia na hakipo kwenye shelfu

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za asubuhi. Nimeombwa niongee kuhusu kazi ya mkutubi ambaye pia anaandika vitabu vya watoto, na nitaongea nikiwalenga nyie mnaokaa mezani kwenye maktaba za shule na ya mkoa hapa Moshi, pamoja na walimu mlioanzisha kona za kusoma madarasani, maana naamini kabisa vitabu ambavyo watoto wetu wanavikosa mtaviandika nyie, sioni mtu mwingine aliyekaa karibu navyo kama nyie.

Kwa nini nasema hivyo. Mtu akikaa nyumbani kwake anaweza kuwaza mtoto atapenda nini, ila mkutubi hawazi, anaona kwa macho. Chukua kitabu chochote cha hadithi kilichokaa muda mrefu kona ya watoto, fungua nyuma kwenye ile karatasi ya tarehe inayogongwa muhuri kila kitabu kikiazimwa, utakuta mihuri imebanana mpaka pembeni, halafu chukua jirani yake mzuri tu wa jalada gumu na picha za rangi, mihuri miwili. Kile kinachopendwa kurasa zake zimekuwa laini kwa chini pale watoto wanapofungulia kwa kidole, na mara nyingi kuna ukurasa mmoja umechanika umebandikwa selotepu, na ukiusoma ndo ule ambao fisi anatumbukia shimoni, kwa sababu kila mtoto anataka amwonyeshe mwenzie, wanavutana. Hiyo ni elimu ya uandishi, jamani, na nyie mnaipata kila siku mkiwa kazini.

Sasa niwape mtu. Kuna mama anaitwa Pura Belpré, mzaliwa wa Puerto Rico, mwaka 1921 akaajiriwa maktaba ya umma ya New York, tawi la mtaa wa 135 kule Harlem, akawa mkutubi wa kwanza kutoka Puerto Rico katika maktaba zile. Ikatokea familia za kwao wanahamia mjini kwa wingi, watoto wanaongea Kihispania, anaangalia kwenye shelfu za hadithi za asili, zile ambazo sisi wakutubi tunazipanga kwenye shelfu kwa namba 398.2, anakuta za nchi nyingine zipo ila zile alizosimuliwa na bibi yake hamna. Sio kwamba zilikuwa mbaya, hakuna aliyeziandika tu. Na utaratibu wa pale ulikuwa saa ya hadithi unasimulia kilichochapishwa, kwa hiyo hadithi isiyo na kitabu ilikuwa haina nafasi, ikabidi apewe ruhusa maalumu asimulie za kwao kwa mdomo. Akasimulia kwa Kiingereza na Kihispania, akatengeneza na vikaragosi vya mkononi, na mwaka 1932 ile hadithi ya bibi, ya mende mrembo Martina aliyekataa wachumba wengi akampenda panya anaitwa Pérez, ikatoka kitabu. Mimi hapo ndo napapenda: watoto waliisikia kwanza, miaka, ndo ikaja karatasi. Alifariki 1982, na tangu 1996 kuna tuzo ya vitabu vya watoto kule Marekani inaitwa kwa jina lake.

Mwingine ni Beverly Cleary. Huyu alimaliza masomo ya ukutubi 1939 akapangiwa maktaba ya mji mdogo wa Yakima, jimbo la Washington. Wakawa wanakuja wavulana wa shule, hawapendi kusoma, wanamuuliza vitabu vya watoto kama sisi viko wapi, na yeye anatafuta hapati, maana vilivyokuwepo vimejaa watoto wa matajiri na yaya zao. Hakuandika siku hiyo, wala mwaka huo. Vita ikaja akafanya kazi maktaba ya hospitali ya jeshi, baadaye akauza vitabu dukani, na kitabu chake cha kwanza kimetoka 1950, kijana wa kawaida ameokota mbwa mtaani anataka kurudi naye nyumbani kwa basi, basi. Ndo hadithi yenyewe. Miaka kumi na kidogo swali la wale wavulana lilikuwa kichwani kwake, na alipokaa kuandika aliandika kama anavyosimulia saa ya hadithi. Ameishi mpaka 2021, alikuwa na miaka 104.

Turudi kwetu. Treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019, baada ya miaka zaidi ya 20 hamna, watoto walianza kuulizia kitabu cha treni, na wengine walikuwa wametoka kuiona stesheni na bibi zao. Ukienda kwenye shelfu unakuta treni za Ulaya, theluji kila mahali, maneno ya Kiingereza. Mtoto wa Njoro hapa Moshi anataka ile treni yake, iliyotoka Dar ikapita Korogwe na Same, na mama anayepanda na ndoo ya maembe. Nani anajua anataka hicho? Yule aliyesimama pale akaulizwa.

Au mchukue Kibo na Mawenzi, vile vilele viwili vya Kilimanjaro, hadithi ambayo bibi zetu wameisimulia: Kibo anatwanga ndizi kavu, Mawenzi moto umemzimikia kwake anakuja kuomba, anapewa moto na ndizi juu, ndizi zile tamu, basi njiani anauzima makusudi arudi tena, mpaka Kibo anachoka anashika mchi anampiga nao, ndo maana Mawenzi amekaa meno meno hivyo mpaka leo. Mtoto anaweza kufungua dirisha la maktaba asubuhi kabla ya mawingu akamwona Mawenzi na makovu yake! Hakuna mtoto wa New York mwenye hiyo. Kila ukoo una namna yake ya kuisimulia, Marangu wana yao, Machame wana yao, ziandikwe zote tu, wala msigombane ipi ni sahihi.

Upande wa kazi yenyewe sitakaa sana. Kitabu cha picha kwa kawaida ni kurasa 24 au 32 kwa sababu ya jinsi karatasi inavyokunjwa kiwandani, kwa hiyo hadithi yako lazima ikatike vipande, na kila ukigeuza ukurasa kuwe na kitu mtoto anakitafuta. Wasomee watoto kwa sauti kabla hujampelekea mchapishaji. Angalia wapi wanaanza kuchezea viatu, hapo futa, hata kama ndo sentensi unayoipenda kuliko zote. Wapi wanadakia kabla hujamaliza, hapo umepata. Kama unataka kiingie shuleni kama kitabu cha ziada kuna ithibati kupitia Taasisi ya Elimu, hiyo inahitaji subira. Na msione ni ndoto: Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991 kwa msaada wa CODE, shirika la Canada la kukuza usomaji, umenunua nakala kwa wachapishaji na kuzipeleka mashuleni, ili mchapishaji asiogope kuchapa hadithi ya Kiswahili, na waandishi wengi wameanzia hapo. Wengine mnaweza kuanza bure kabisa African Storybook, ile tovuti ya Afrika Kusini, hadithi fupi kwa lugha zetu, unaandika hata kwenye simu.

Kuna mwalimu ameniuliza pale mlangoni muda anautoa wapi. Mama yangu, ni kweli muda hamna, kuna kuhesabu vitabu, kuna ripoti, kuna watoto wa mitihani wamejaa meza zote, na sitawadanganya kwamba mshahara unaongezeka. Ila kusimulia ni sehemu ya kazi yako tayari, nusu saa ya hadithi ipo kwenye ratiba, basi wiki hii simulia ya kwako badala ya iliyochapwa, wiki ijayo irudie ile ile, wao wenyewe watakwambia ulichokiacha, na ukifika nyumbani unaandika walivyoisikia.

Tukitoka chai, wenye miswada tubaki huku mbele. Kila mtu asome ukurasa wa kwanza tu, kwa sauti. Jumamosi tutazisoma kwa watoto wenyewe kona ya hadithi, na wasio na mswada waje na daftari waandike watoto wanauliza nini.