Mtihani Mpya wa Fasihi na Maswali Yetu ya Zamani

Walimu wenzangu, tangu asubuhi nasikia swali lile lile: karatasi ya fasihi ya Gredi ya 12, mwaka wa mwisho wa sekondari katika mtaala mpya wa Kenya, itakuwaje? Maswali mangapi? Sampuli tutaipata lini? Hakuna aliyeuliza watoto watasoma nini, wala watasomaje. Hilo ndilo linaloniuma, na wanaonijua wamenisikia nikilisema mpaka wamechoka.

Chukueni swali la dondoo, yaani maneno machache yaliyonukuliwa kutoka kitabuni. "Eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4." Nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kwa sababu gani. Swali lenyewe si baya. Linamnasa asiyesoma kitabu. Sisi tukafanya nini? Tukaorodhesha madondoo yote yanayoweza kutahiniwa, tukayaandikia majibu, tukawapa watoto wakariri! Nilimfundisha msichana aliyepata 4 kwa 4 kila mara. Siku moja nikamwuliza kama mama wa kwenye tamthilia alifanya vyema kumsamehe mumewe. Akafikiri, kisha akasema: "Mwalimu, hilo liko ukurasa gani wa mwongozo?" Mwongozo, kile kijitabu cha majibu tayari! Hakuwa mvivu yule. Alikuwa mtiifu, alifanya tulivyomfundisha. Tamthilia yenyewe ilikuwa sandukuni bwenini, kurasa bado zimeshikana.

Najua mtaniambia darasa lina wanafunzi sitini na nakala kumi na tano. Basi someni kwa sauti! Tamthilia iliandikwa itamkwe. Gawa wahusika, wasimame, waigize. Dakika 40 zinatosha onyesho moja, na aliyeyatamka maneno ya mhusika kwa kinywa chake hahitaji kukaririshwa msemaji ni nani. Mtasema silabasi haitakwisha. Mara ngapi tumeimaliza silabasi na watoto hawajakimaliza kitabu?

Kwa waliobaki kwenye 8-4-4, mfumo wetu wa zamani, fasihi itaendelea kuwa karatasi ya tatu ya Kiswahili, alama 80, hadi KCSE ya mwisho, mtihani wao wa kumaliza sekondari, mwaka 2027. Walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 wameikuta Fasihi ya Kiswahili ikiwa somo kamili la kuchagua, katika mkondo wa Sayansi ya Jamii. Anayeketi mbele yako amelichagua mwenyewe. Na sehemu ya tathmini utaifanya wewe, shuleni. Wengine wamelalamika hapa kwamba ni mzigo, na kwamba kuna watakaogawa alama za bure. Hofu hiyo ni ya kweli. Tusahihishe pamoja, shule na jirani yake. Lakini msiitupe nafasi hii. Mtoto aende kwa bibi yake, asikilize ngano, aje aisimulie darasani, apate alama kwa hilo badala ya kuandika sifa tano za ngano.

Ushairi sijaugusa, na mwenyekiti ananionyesha saa. Niseme tu: shairi lighaniwe kwanza, bahari, yaani aina ya shairi, na vina vifuate.

Na miongozo, nawasihi, msimwagize mwanafunzi kuinunua kabla hajamaliza kitabu. Muhula ujao, kabla hujaandika "Maudhui" ubaoni, uliza ni nani amekisoma chote. Wakiinua mikono watatu, weka chaki chini, mfungue ukurasa wa kwanza.