Reli Ndiyo Inayokata Pembe

Mafundi wenzangu, leo nazungumzia kona ya fremu: mbao mbili zilizokatwa mshazari kwa digrii 45, zikakutana kufanya digrii 90. Tunaikata kwa msumeno wa duara wa umeme, ule wa kushika mkononi.

Fremu moja ina mikato 8. Kila mkato ukipotoka nusu digrii upande uleule, kona tatu zikibanwa vizuri, ya nne inabaki na kasoro ya digrii 4. Kwenye mbao ya upana wa milimita 100, nusu digrii peke yake huacha uwazi unaozidi milimita 1. Tafadhali msiuzibe kwa gundi na unga wa mbao. Kateni upya.

Mkono haushiki mstari kwa usahihi huo, hata uwe mzoefu vipi. Tengeneza reli, yaani mwongozo ulionyooka wa kuelekeza msumeno. Chukua kipande cha plaiwudi nyembamba, kibandike fito iliyonyooka kabisa, kisha pitisha msumeno kitako chake (bamba la chini linaloteleza juu ya mbao) kikiegemea fito. Plaiwudi iliyozidi itakatika, na ukingo unaobaki unaonyesha hasa meno yanapopita. Basi hupimi tena umbali wa kitako na meno: ukingo unauweka juu ya mstari, unabana kwa klampu (vibanio) mbili, unakata. Reli ikae juu ya kipande unachokitaka, upana wa meno ukate ndani ya kile cha kutupa. Mimi huchukua muda mrefu zaidi kubana kuliko kukata, na nawasihi mfanye vivyo hivyo.

Mstari uchoreni kwa kisu. Mbao ikiwa na upana wa milimita 100, pima milimita 100 kwenye ukingo wake kutoka mwisho uliokatwa mraba, uunganishe alama hiyo na kona ya pili ya mwisho huo.

Meno ya msumeno huu hukata yakipanda, kwa hiyo mbao huchanika upande wa juu. Uso mzuri ulale chini. Jigso, msumeno wa umeme wenye bleti nyembamba inayopanda na kushuka, siishauri kwa mbao nene, bleti yake hupinda ndani. Na kabla ya kugusa meno, chomoa waya.

Pembe zikiwa sahihi, bado fremu itagoma kama pande zinazotazamana hazilingani urefu. Zilinganisheni kwa kuzilaza pamoja, vidole vipapase ncha.

Miisho ya mbao hufyonza gundi. Paka tabaka jembamba la gundi kwanza, liache linywewe, ndipo upake la pili. Ukishabana, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, mara mbili. Vipimo vikitofautiana, sukuma fremu kabla gundi haijashika.