Wavu wa Saa Nne Asubuhi

Mabibi na mabwana, wanafunzi, na nyinyi wazee wangu wavuvi: nimepewa nusu saa na mada tano. Hazitaisha, tusidanganyane.

Kuna utafiti wa planktoni, vile viumbe wadogo wanaoelea na maji, ambao mimi nauita wa saa nne asubuhi. Mtu anafika Malindi mwezi wa pili, kaskazi imetulia, bahari shwari. Anakunywa chai, anapanda boti saa nne, anaburuta wavu juujuu, adhuhuri yuko hotelini. Kisha anatuandikia kwamba viumbe wa ghuba yetu ni hawa. Hawa wa saa ngapi? Kopepodi, vijidudu wa jamii ya kamba, wengi wao mchana hushuka kilindini kuwakwepa samaki wanaowinda kwa macho. Usiku ndio hupanda kula. Na wavu wenyewe una matundu ya maikromita 200, sehemu moja ya tano ya milimita! Diatomu, vimwani vya seli moja, nyingi zinapenya, halafu tunaambiwa Malindi diatomu ni haba. Haba kwenye wavu wako, bwana.

Bado mto Sabaki. Kaskazi ikivuma, tope la mto huletwa kusini, huku kwetu mpaka kwenye matumbawe ya hifadhi. Kusi ikishika, linasukumwa kaskazini, upande wa Mambrui. Maji ya tope yanaweza kujaa nitrati, mbolea ya vimwani, lakini mwanga usipopenya, diatomu zitaishije? Ndiyo maana nasema, na nitasema mpaka mnichoke: majina ya viumbe bila joto, chumvi na mwanga wa maji yaleyale, saa ileile, ni daftari la mahudhurio tu.

Najua kuna kijana hapa atasema, "Siku hizi setilaiti inaona." Inaona rangi, mwanangu. Mbele ya mdomo wa Sabaki, tope na kijani vinaichanganya. Utashuka majini tu.

Mwingine atasema kwenda kupima wakati wa kusi ni hatari. Kweli, sitaki mtu azame. Lakini wako wanaoijua kusi tangu utotoni. Wapeni chupa na iodini ya kuhifadhia sampuli, wafundisheni, na walipeni. Si soda. Pesa.

Haraka haraka sasa: mwanzoni mwa 2002 samaki walikufa kwa wingi huko Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, na lawama ikaelekezwa kwa planktoni yenye sumu. Bila vipimo vya miezi ya kabla, utalinganisha na nini? Mwenyekiti, saa nimeiona. Mikoko siigusi leo.