Bei ya Flashi Huhesabiwa Baada ya Kuipima

ZUHURA: Msikilizaji, karibu tena studioni kwetu hapa Dar es Salaam. Leo mimi na Kaka Deo tunazungumzia flashi, kifaa ambacho wanafunzi, makatibu muhtasi, wapiga muziki wa shughuli na madereva wanakitegemea kila siku, ingawa ni wachache wanaokinunua kwa uangalifu ule ule wanaoutumia wanapochagua simu. Kaka Deo, wasikilizaji wengi wanauliza jambo moja: flashi ya kuaminika kwa bei nafuu inapatikana wapi?

DEO: Ahsante, Dada Zuhura. Ningeomba swali la wapi lisubiri kidogo, kwa sababu mtu anayeanza na duka huishia kuchagua kwa bei iliyobandikwa, na bei iliyobandikwa haituambii tunanunua nini. Flashi iliyoandikwa gigabaiti 64 na kuuzwa kwa nusu ya bei ya wenzake, ikiwa ndani yake mna gigabaiti 8 tu, ndiyo ghali kuliko zote zilizokuwa mezani, maana umelipia nafasi ambayo haipo, na juu ya hapo utapoteza kazi utakayoihifadhi humo. Mimi husema bei ya flashi ihesabiwe baada ya kuipima.

ZUHURA: Lakini muuzaji mara nyingi huichomeka kwenye kompyuta yake mbele ya mteja, na kompyuta inaonyesha 64. Mteja amwambie nini?

DEO: Amshukuru, kisha afahamu kwamba hajaonyeshwa chochote. Ndani ya flashi kuna vitu viwili vikuu: chipu ya kumbukumbu, ambayo ndiyo ghala lenyewe, na chipu ndogo inayoiongoza, ambayo ndiyo inayozungumza na kompyuta. Kompyuta haiingii ghalani kuhesabu, bali humwuliza msimamizi kuna nafasi kiasi gani, na kuamini jibu lake. Watengenezaji wa flashi feki huibadilisha programu iliyomo katika ile chipu ya uongozi ili itaje ukubwa wowote wanaoutaka, hata terabaiti 2, yaani gigabaiti 2,000. Kwa hiyo namba inayoonekana kwenye skrini ni maneno ya flashi kujihusu yenyewe.

ZUHURA: Na mtu akianza kuijaza?

DEO: Hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa sababu mwanzoni kila kitu huenda vizuri. Gigabaiti 8 za kwanza zinaandikwa na kusomeka bila tatizo. Ukizivuka, flashi inaendelea kupokea mafaili bila kutoa onyo lolote, lakini inayatupa, au inayaandika juu ya yale ya mwanzo na kuyafuta. Orodha ya majina ya mafaili kwa kawaida hukaa mwanzoni kabisa mwa kumbukumbu, mahali ambapo ni halisi, kwa hiyo ukifungua utaona majina yote, utaona ukubwa wa kila faili, hata tarehe, ila faili lenyewe halifunguki. Mwanafunzi wa chuo anaweza kutembea na rasimu ya tasnifu yake mwezi mzima akiamini iko salama, akaja kugundua siku ya kuchapisha, akiwa amesimama steshenari na foleni nyuma yake. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mtu huyo hakufanya uzembe wowote. Alidanganywa na kifaa ambacho kazi yake ilikuwa moja tu.

ZUHURA: Basi tuelekezane namna ya kupima, na tuende taratibu, maana nadhani hii ndiyo sehemu ambayo msikilizaji ataihitaji zaidi.

DEO: Njia ya uhakika ni kuijaza flashi yote, kisha kuisoma yote na kulinganisha kilichoandikwa na kilichosomwa. Kwa wanaotumia Windows ipo programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo ni ya zamani lakini bado inatumika sana, nayo ilitolewa na jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't. Kwa wanaotumia Linux au kompyuta za Mac ipo F3, nayo ni ya bure. Flashi iwe tupu, uiache programu ifanye kazi mpaka mwisho, na matokeo yatakuambia kama nafasi yote ni halisi au kuna sehemu iliyopotea, na ni kiasi gani.

ZUHURA: Inachukua muda gani?

DEO: Inategemea kasi ya flashi yenyewe. Tuchukue ya gigabaiti 64 inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde, kasi ambayo ni ya kawaida kwa flashi za bei ya chini. Kuijaza kutachukua sekunde 6,400, yaani karibu saa moja na dakika arobaini na saba, na kuisoma kwa kasi ya megabaiti 25 kwa sekunde kutaongeza kama dakika arobaini na tatu. Kwa jumla ni saa mbili na nusu. Ipime wewe mwenyewe: iweke jioni, upike, ule, na ukirudi majibu yako tayari. Kipimo hicho kina faida ya pili ambayo watu huisahau, nayo ni kwamba kinakuonyesha kasi halisi ya kuandika, ambayo kwenye pakiti mara nyingi haitajwi.

ZUHURA: Saa mbili na nusu haziwezekani dukani.

DEO: Haziwezekani, na ndiyo maana nafurahi kwamba mwaka 2023 Steve Gibson wa Marekani alitoa programu ya bure iitwayo ValiDrive, ambayo haijazi flashi yote bali inagusa sehemu nyingi zilizotawanyika kuanzia mwanzo hadi mwisho wake, ikiandika na kusoma kila mahali, kisha inakuchorea ramani ya zilizo hai na zilizo hewa. Hiyo ni ya Windows, na hufanya kazi kwa muda mfupi. Mwenye kompyuta mpakato anaweza kwenda nayo Kariakoo, akapima mbele ya muuzaji kabla hajalipa. Muuzaji anayeijua bidhaa yake hatakataa.

ZUHURA: Sasa turudi kwenye wapi. Mimi naishi mjini hapa na nimezoea kwamba kitu kile kile kina bei moja kule Mlimani City, bei nyingine kwenye maduka ya kompyuta ya Mtaa wa Samora, na bei nyingine kabisa ukiingia Kariakoo.

DEO: Ni kweli, na tofauti hiyo si ya hila tupu. Duka kubwa linalipa kodi kubwa ya pango, na hapo unanunua pia urahisi wa kurudisha. Kariakoo kuna bei nafuu za kweli, kwa sababu wapo waagizaji wanaouza kwa jumla, ila tatizo ni kwamba feki na halisi zinalala meza moja. Ushauri wangu ni huu: usipelekwe na winga, yaani yule dalali wa mtaani anayewapeleka wateja madukani. Sina ubaya na mawinga, ni vijana wanaotafuta riziki kihalali, lakini ujira wao umo ndani ya bei utakayotajiwa, na akishakukabidhi dukani yeye hatakuwepo kesho utakaporudi na flashi iliyofeli. Ingia mwenyewe katika duka lenye mlango, lenye namba, ambalo utalikuta wiki ijayo.

ZUHURA: Na bei ya jumla tunaweza kuipata sisi watu wa kawaida?

DEO: Tunaweza, na nadhani hii ndiyo nafuu kubwa kuliko zote ambayo watu hawaitumii. Walimu wa shule moja, wanakwaya, wafanyakazi wa ofisi moja, wakichanga na kununua dazeni kwa pamoja, watatajiwa bei ya jumla badala ya rejareja, na watakuwa na nguvu ya kumwambia muuzaji kwamba watapima moja kabla ya kulipa, na kwamba yoyote itakayofeli baadaye irudi. Muuzaji anayepoteza wateja kumi na wawili kwa siku moja anafikiri mara mbili. Lakini kila flashi ipimwe peke yake, kwa sababu kufaulu kwa moja hakuthibitishi nyingine zilizo katika boksi hilo hilo.

ZUHURA: Wengi siku hizi wanaagiza kupitia Instagram na WhatsApp, kisha bodaboda anawaletea mlangoni. Wao wafanyeje?

DEO: Wakubaliane kwa maandishi kabla mzigo haujatoka. Ujumbe mfupi unatosha: nitaipima leo, ikionekana haina nafasi iliyoandikwa nitairudisha na nitarejeshewa fedha. Ujumbe huo utunzwe. Na iwe dukani au mtandaoni, idai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, ambayo ni haki yako na ni wajibu wa muuzaji, kwa sababu bila risiti huna ushahidi kwamba flashi hiyo ilitoka kwake. Bidhaa bandia ni kosa la kisheria nchini, na Tume ya Ushindani, yaani FCC, ndiyo inayoshughulikia malalamiko ya namna hiyo. Waranti nayo inadai risiti. Flashi nyingi za Kingston, kwa mfano, zina waranti ya miaka mitano, na mtu asiye na karatasi ya manunuzi atapata shida kuidai.

ZUHURA: Umetaja Kingston. Jina linatosha kutuhakikishia ubora?

DEO: Jina linasaidia likiwa la kweli. Kingston, SanDisk, Samsung, Transcend na Lexar ni majina ambayo bidhaa zake halisi naziamini, lakini ndiyo hayo hayo yanayoigwa zaidi, kwa kuwa hakuna anayeghushi jina lisilouzika. Pakiti nayo huigwa vizuri, hivyo nisingependa msikilizaji ategemee jicho. Majina yasiyojulikana kabisa nayaacha, hata yakifaulu kipimo, kwa sababu siwezi kujua kumbukumbu iliyomo ni ya daraja gani wala itadumu hadi lini.

ZUHURA: Na ukubwa? Naona watu wanakimbilia terabaiti.

DEO: Terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana hazipo popote duniani. Kingston walipotangaza flashi yao ya terabaiti 2 mwaka 2017, kilikuwa kifaa kinene na cha gharama kubwa, na mpaka leo ukubwa huo si wa mezani kwa machinga. Mtu anayetaka nyimbo za kwenye gari au za kupigia kwenye sabufa, gigabaiti 32 zinamtosha, maana hata wimbo mmoja ukichukua megabaiti 10 utaweka zaidi ya nyimbo 3,000. Tena redio nyingi za magari husoma tu mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, na zana ya kawaida ya Windows imekataa kwa miaka mingi kufomati FAT32 kwa flashi iliyozidi gigabaiti 32. Anayebeba filamu au video za harusi achukue 64 na kuifomati kwa exFAT, mfumo mwingine wa aina hiyo, kwa sababu FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4.

ZUHURA: Hapa niongeze jambo ambalo huwatia watu hofu bure. Flashi halisi ya 64 ikionyesha 58 au 59 kwenye Windows, hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu kwa kipimo kikubwa zaidi kidogo, na sehemu nyingine hutumika kwa mambo ya ndani ya flashi yenyewe. Ya 32 huonyesha kama 28 au 29.

DEO: Sahihi kabisa. Na kuhusu kasi, msikilizaji asilipe zaidi kwa ajili ya namba. USB 3.0, ambayo ni daraja la kasi ya kuunganisha flashi na kompyuta, ilitoka mwaka 2008, baadaye ikabadilishwa jina ikaitwa USB 3.1 Gen 1, kisha USB 3.2 Gen 1, na kasi yake ya juu ni ile ile ya gigabiti 5 kwa sekunde. Kwa hiyo flashi iliyoandikwa 3.2 Gen 1 na iliyoandikwa 3.0 zimekaa daraja moja, na muuzaji anayekuongezea bei kwa sababu ya hiyo 3.2 umweleze hilo kwa upole. Kwa kazi ya nyimbo na nyaraka, USB 2.0 inatosha.

ZUHURA: Mimi kwa fedha ile ile ningenunua mbili za 32 kuliko moja ya 64, nakala ya kazi muhimu ikae kwenye zote mbili, na moja isitoke nyumbani kabisa.

DEO: Naunga mkono, na ningependa zitoke kwa watengenezaji wawili tofauti. Ile inayotoka ndiyo iende steshenari, ambako kompyuta inapokea flashi za watu wengi na virusi huhama kwa urahisi.

ZUHURA: Swali la mwisho. Kuna mtu anatusikiliza sasa hivi, ameshajaza flashi yake ya siku nyingi, na ameanza kuitilia shaka. Afanye nini?

DEO: Asiongeze faili hata moja. Kwanza anakili kila kinachofunguka kwenda kwenye kompyuta, afungue mafaili mojamoja kuhakikisha, hasa yale aliyoyaweka mwishoni. Akishamaliza hayo, aifomati na kuipima kwa H2testw au F3. Ikifeli, asiifomati tena kwa matumaini na asimpe mtu mwingine. Airudishe alikoinunua pamoja na risiti na picha ya matokeo ya kipimo, na kama muuzaji hapatikani tena, aivunje.