Usipige Windows Kwanza

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi. Samahani kwa kuchelewa, projekta ilikuwa inatuonyesha ubluu tu mpaka huyu binti hapa mbele akanikumbusha kubonyeza Windows na P, fundi mzima nimesahau, haya tumeanza na aibu, si mbaya.

Mimi nina kabanda kangu huku Ngamiani, Tanga, natengeneza kompyuta za watu, na kama kuna sentensi nimeichoka duniani ni hii, "hiyo piga Windows tu", yaani futa kila kitu uweke Windows upya. Printa haisomi, piga Windows. Programu ya mahesabu inagoma kuingia, piga Windows. Juzi mtu kaja mauzi yake, kile kipanya cha mkononi, inarukaruka anataka nimpigie Windows, mauzi jamani, nimeipangusa kwa kitambaa ikapona.

Ugomvi wangu na kupiga Windows ni kwamba unafuta ushahidi. Kuna jambo limeifanya ile programu igome, na mara nyingi limeandikwa palepale kwenye skrini, wewe unabonyeza OK bila kusoma, halafu unafomati. Umelizika na hata jina lake hulijui. Na likiwa halikuwa ndani ya Windows toka mwanzo, kesho unalo tena.

Niwape kisa. Kuna dada ana steshenari, sitaji barabara ya ngapi msije mkaenda kumcheka. Ana ile kompyuta ya mezani ya zamani, akataka kuweka programu fulani ambayo ukiifungua inaenda yenyewe mtandaoni kushusha yaliyobaki. Ikagoma, inasema haiwezi kuunganisha kwa usalama. Intaneti ipo, kwenye simu WhatsApp inaenda vizuri kwa laini ileile. Fundi wa kwanza akapiga Windows, ikagoma. Fundi wa pili akapiga Windows nyingine, na hapo zikaondoka barua za maombi ya kazi za wateja, folda nzima, na bado ikagoma. Ndo ikaja kwangu, na si kwamba nina akili kuwazidi, mimi nilitizama tu kona ya chini kulia. Kompyuta inadhani tuko Januari 2009.

Sasa sikilizeni kwanini hilo ni tatizo. Kila tovuti salama inakuja na cheti chake, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kompyuta inalinganisha na saa yake yenyewe. Cheti kimetolewa mwaka huu na wewe uko 2009, kwa hiyo kwa hesabu ya kompyuta hicho cheti bado hakijazaliwa, inakataa, na ina haki. Tarehe ilikuwa inapotea sababu ndani kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, kuna kabetri ka duara kama sarafu, kameandikwa CR2032, kazi yake kulinda saa wakati umeme hakuna. Kalikuwa kamekufa, na dada kila jioni anazima swichi ya ukutani, kwa hiyo kila asubuhi anaamka 2009. Tumebadili betri ambayo haifiki bei ya sahani ya chipsi, tumeweka tarehe, programu ikaingia. Zile barua hatukuzipata tena.

Kwa hiyo mimi programu naiona kama mgeni anayeingia kwenye nyumba ya watu. Mgeni anaweza kuwa hana kosa lolote, ila nyumba haina pa kumlaza, au mlangoni kuna mlinzi, au amekuja bila wenzake anaowategemea, au njiani kaumia kafika nusu. Wale Waingereza wa Novemba 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia, walishuka hapa kwetu Tanga, Raskazone, watu kama 8,000, Wajerumani na askari wao kama 1,000 tu, na hao Waingereza walishuka bila kuchunguza kilichoko mbele, wakaishia kufukuzwa mpaka na nyuki. Mtu anayebonyeza "Next, Next, Next" ndo yuleyule, anatua bila kuuliza kuna nini mbele. (Watu wanacheka.) Cheka mama, ila nakufahamu.

Tuanze na Windows maana ndo wengi wetu. Windows ikikataa inakupa namba ndefu, watu wakiiona wanaogopa kama wameletewa barua ya mahakama. Mfano 0x80070070. Ukiona imeanza na 0x8007 usihangaike na mwanzo, chukua tarakimu nne za mwisho, 0070. Hizo zimeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, kwa hiyo ile saba ni saba mara kumi na sita, 112. Fungua lile dirisha jeusi la komandi, andika net helpmsg 112, inakujibu kwamba kwenye diski hakuna nafasi. Basi, ndo siri yote. 0x80070005 je? Mwisho ni 5, andika net helpmsg 5, jibu umekataliwa kuingia, yaani huna ruhusa, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia uifungue kama adminstreta, au kama kompyuta ni ya ofisi mtafute mwenye pasiwedi. Yule wa 112 angepigiwa Windows wakati alichokuwa anahitaji ni kufuta muvi.

Namba moja siipendi, 1603. Hiyo inakuja ukiinstoli mafaili ya msi, yale ya kuwekea programu za Windows, na maana yake ni "uinstoliaji umeshindikana", ni sawa na kumuuliza mtoto unalia nini akakujibu nalia. Hapo unailazimisha iongee, unaenda kwenye dirisha jeusi unaandika msiexec /i na jina la faili halafu /l*v na jina la faili la kumbukumbu, inaandika kila hatua, mistari maelfu. Usisome yote utazeeka. Tafuta maneno return value 3, ukiyapata panda juu mistari michache, pale ndo ilipojikwaa mara ya kwanza. Watu wanasoma mwisho wa kumbukumbu, mwisho ni vilio tu vya matanga, aliyefariki yuko juu.

Halafu kuna ile ya kukosa VCRUNTIME140.dll, kafaili ambako programu nyingine inakategemea ili ifunguke, wachezaji gemu mnaijua. Huyo ni mgeni aliyekuja bila wenzake. Tafadhali msiende kwenye vitovuti vya ajabuajabu kushusha kafaili kamoja ka dll mkakatupia ndani ya System32, folda ya Windows yenyewe, hujui umeingiza nini. Ile dll ni sehemu ya kifurushi cha Microsoft kinaitwa Visual C++ Redistributable, bure, chukua kwao wenyewe. Na kuna ya biti 32 na ya biti 64, hata kama Windows yako ni 64 weka zote mbili maana programu ya 32 inatafuta ya 32. Ukizichanganya ndo unapata 0xc000007b na unaanza kulaumu RAM.

Linux sasa, ule mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Vijana wa chuo naona mnatabasamu. Raha ya Linux ni kwamba inasema ukweli, shida yake inausema kwa ukavu. Umewasha Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, umeandika apt install ili uweke programu, inakwambia haiwezi kupata kufuli, dpkg lock-frontend. Kinachofuata kijana anatafuta mtandaoni anaambiwa futa lile faili la kufuli, anafuta. Bwana mdogo, lile kufuli mara nyingi limeshikwa na Ubuntu yenyewe, imewashwa sasa hivi na inajiwekea apdeti za usalama kimyakimya, ukivunja kufuli mnakuwa wawili mnaandika daftari moja. Kunywa chai, rudi baada ya dakika kumi. Ikiwa umeme ulikatika katikati ya kuinstoli, hapo ni sudo dpkg --configure -a, ile sudo ni ya kuomba mamlaka ya adminstreta, komandi inamalizia vilivyoachwa nusu.

Na chmod 777, ile komandi ya kugawa ruhusa za faili, muiache. Faili limekataa kufunguka unalipa ruhusa zote kwa watu wote, ni sawa na kupoteza ufunguo wa chumba ukang'oa milango ya nyumba nzima. Script, yaani faili la komandi, inagoma kukimbia? Ipe chmod +x, inatosha.

Lakini kinachonichekesha kuliko vyote ni komandi za kutumiana kwa simu. Mtu anaandika komandi kwenye simu amtumie mwenzake, simu kwa ustaarabu wake inaanzisha sentensi kwa herufi kubwa, inakuwa Sudo. Mwenzake ananakili vilevile, Linux inasema komandi hiyo haipo, maana kwake sudo na Sudo ni watu wawili tofauti. Windows ingekusamehe, Linux haisamehi. Tena kuna simu zinabadili vistari viwili vikawa kistari kimoja kirefu, na alama za kunukuu zinapindishwa zinakuwa za mapambo, macho yako hayaoni tofauti ila kompyuta inaona. Na WhatsApp ukiweka nyota mbili inakoleza maandishi, nyota zenyewe zinafichwa, anayesoma na kuandika upya kwa mkono hazioni kabisa. Nimekaa saa nzima siku moja na tatizo la namna hiyo, saa nzima, na mteja ananitizama. Siku hizi nasema tuma faili la txt, usiniandikie kwenye chati.

Nafasi pia, ule uwazi kati ya maneno. Folda inaitwa Picha za Harusi, ukiandika cd Picha za Harusi ili uingie humo kwenye Linux inadhani umeitajia folda tatu. Weka alama za kunukuu.

Mac, kompyuta za Apple, sitakaa sana, Ngamiani naziona chache. Ila hizo chache zinaleta ujumbe kwamba programu "imeharibika, itupe kwenye pipa", mtu anashusha tena na tena bando linaisha. Mara nyingi faili ni zima. Apple toka 2012 wana mlinzi anaitwa Gatekeeper, kitu kilichotoka mtandaoni kinagongwa alama ya karantini na kama mtengenezaji hajulikani mlinzi anakataa. Ikisema tu kwamba mtengenezaji hajathibitishwa, nenda kwenye mipangilio ya faragha na usalama, utakuta kitufe cha kuifungua hivyohivyo, ila uwe unajua ulipoitoa. Ikikwambia imeharibika, rudi kwa mtengenezaji mwenyewe uchukue toleo jipya. Na programu ya zamani ya biti 32 usihangaike nayo, ziliachwa 2019 kwenye Catalina. Hata hizi chipu za M1 za 2020 kuendelea, ukishusha programu uulize ni ya chipu ipi.

Swali? Kaka pale nyuma. (Anauliza atajuaje kama faili limefika zima.) Swali zuri, hasa sisi wa bando la usiku. Watengenezaji wengi wanaweka alama ya SHA-256, ni kama alama ya kidole ya faili, herufi na tarakimu 64. Kwenye Windows unaandika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256, kwenye Linux sha256sum, kwenye Mac shasum -a 256. Ikitofautiana hata moja, faili si lile, usiinstoli, shusha upya.

Na tuseme programu imeingia ila haifanyi kazi, hapo tunazungumzia mipangilio. Unaambiwa tengeneza faili linaitwa config.ini, unaliandika kwenye Notepad unasevu, programu inasema hailioni na wewe unaliona hilo hapo. Windows inaficha mikia ya mafaili, ile .txt ya mwishoni, kiukweli umesevu config.ini.txt. Washa kuonyesha mikia, mimi kila kompyuta inayoingia bandani naiwashia hilo kwanza kabla ya salamu. Wanafunzi wa XAMPP nao, ile ya kujaribia tovuti kwenye kompyuta yako, Apache yake inayotoa kurasa haiwaki, mlango namba 80 umeshakaliwa na programu nyingine, netstat -ano inakuonyesha namba ya aliyekaa, unamtafuta kwenye Task Manager. Na kabla hujagusa faili lolote la mipangilio lifanyie kopi, ubadili kitu kimoja, ujaribu. Ukibadili vitano kwa mpigo ikapona hujui kilichoponya, ikifa ndo kabisa.

(Mama mmoja anauliza kama ni kweli Windows 10 imekwisha.) Mama, ndiyo, Windows 10 sapoti ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta yako haitazimika, ila Windows 11 inataka TPM 2.0, kile kifaa cha usalama cha ndani ya kompyuta, na mashine nyingi za zamani hazina, njoo tutizame, huenda tukakuwekea Linux.

Mzee wangu pale, karibu. (Mzee anasema kompyuta yake ni Ubuntu, kila asubuhi apdeti zinagoma, zinasema faili bado halijaanza kutumika, na zile namba za siri za kuingilia akaunti zinazobadilika kila mara zinakataliwa.) Mzee, saa yake inasemaje? (Anasema iko sawa kabisa, aliirekebisha mwenyewe, ilikuwa inasema saa nane asubuhi akaiweka saa mbili.)

Ngojeni msicheke, ngojeni. Mzee kaiweka saa ya Kiswahili. Kwa hiyo kompyuta yake iko nyuma masaa sita, Ubuntu wametoa orodha ya apdeti alfajiri hii, kwake yeye alfajiri bado haijafika. Na zile namba za siri zinabadilika kila sekunde 30 kwa kufuata saa, masaa sita ni mbali sana. Linux ndani inahesabu sekunde toka tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia, halafu kwa kutuonyesha sisi inaongeza masaa matatu ya Dar es Salaam. Kuhesabu kuanzia macheo haijui, haikuzaliwa pwani.

(Mzee anauliza, kwa hiyo airudishe ya Kizungu?)

Irudishe mzee wangu, washa ijiweke yenyewe kwa mtandao. Ile ya ukutani nyumbani iache hivyohivyo.